Nani Aliyemfundisha Mtoto Kusema "Majino"?

Mpwa wangu alipokaribia miaka mitatu alikuwa na neno moja ambalo nyumba nzima tulilipenda: majino. "Mama, nimesugua majino." Alisema pia majicho, na akiokota kokoto uani alikuwa ameokota majiwe. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwambia majino. Baba yake husema meno, mama yake husema meno, bibi yake husema meno, redio inasema meno. Mtoto hakulisikia popote. Alilitengeneza mwenyewe.

Ukiliangalia vizuri utaona lilivyotengenezwa. Jina, wingi wake majina. Jibu, majibu. Jani, majani. Jembe, majembe. Jimbo, majimbo. Mtoto ambaye bado anavalishwa viatu alikwisha kugundua kwamba neno la aina hii likiwa moja husimama lenyewe, yakiwa mengi hutanguliwa na ma-. Basi jino ni majino. Hesabu yake imenyooka. Ni lugha iliyokata kona zamani, ma- ikagongana na -ino, zikayeyuka zikawa meno. Na hata lugha yenyewe hurudi kwenye njia ileile aliyopita mtoto. Wingi wa jiko ni meko, na kamusi bado zinao, lakini nenda kwa mafundi wanaogonga mabati barabarani uulize bei: utatajiwa bei ya majiko, na hakuna atakayecheka.

Ndani ya neno hili dogo mna ugomvi ambao wataalamu wa lugha na saikolojia wameupigana kwa zaidi ya miaka sitini. Naandika juu yake kwa sababu naamini sisi tunaolea watoto kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kibantu tuna ushahidi mikononi mwetu, na kwa sababu wazazi wengi wa mijini leo wanafanya uamuzi mzito kuhusu ndimi za watoto wao bila kujua ushahidi huo upo.

Mwaka 1957 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Harvard, alichapisha kitabu chake Verbal Behavior. Kwake yeye maneno ni tabia kama tabia nyingine yoyote. Mtoto anatoa sauti. Ile inayokaribia neno inapokelewa kwa tabasamu, kwa maziwa, kwa kubebwa. Ile isiyofanana na kitu inapita bila jibu. Zinazolipa zinabaki, zisizolipa zinakufa. Ni maelezo yanayovutia, kwa kuwa kila mzazi amewahi kumuona mtoto akirudia neno lililowafurahisha watu. Lakini yajaribu kwa majino. Lililipwa na nani? Lililolipwa miaka yote ni meno.

Jibu kali lilikuja mwaka 1959. Noam Chomsky, wakati huo mwanaisimu wa miaka thelathini, alichapisha katika jarida la Language uhakiki wa kitabu cha Skinner. Hoja iliyokaa katika mafundisho yake tangu hapo ni kwamba mtu husema na kuelewa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia, na kwamba yale ayasikiayo mtoto ni machache na yamekatikakatika mno kuweza kumpa sarufi anayokuja kuwa nayo. Lazima, alisema, mtoto azaliwe na kitu. Kitu hicho baadaye wanafunzi wa isimu tulifundishwa kukiita sarufi bia: misingi ya sarufi iliyo ndani ya kila mwanadamu, ikingoja tu kuamshwa na lugha ya nyumbani.

Katikati ya maandishi hayo mawili, mwaka 1958, Jean Berko alichapisha jaribio ambalo mimi naliona zuri kuliko yote mawili. Aliwaonyesha watoto wa miaka minne hadi saba picha ya kiumbe mdogo mfano wa ndege, akawaambia huyu ni wug. Kisha akaonyesha wawili. Sasa wako wawili, ni wawili nini? Wengi walijibu wugs, kwa kile kiambishi cha wingi cha Kiingereza. Neno lenyewe halikuwepo duniani kabla Berko hajalibuni, kwa hiyo hapakuwa na mtoto aliyewahi kutabasamiwa kwa kulisema. Majino ndiyo wug yetu, ila hii haikuhitaji maabara; ilitoka uani.

Kuna imani moja ambayo huwa tunairudia bila kuipima, kwamba watoto husema vizuri kwa sababu sisi tunawasahihisha. Roger Brown na Camille Hanlon waliipima mwaka 1970 kwa rekodi za watoto wadogo wa Marekani wakizungumza na wazazi wao. Waliona kwamba wazazi wanamkubali au kumkataa mtoto kwa ukweli wa alichosema, na karibu hawajali sarufi. Mtoto akikosea sarufi lakini akasema kweli, anaambiwa ndiyo. Akisema sentensi iliyonyooka yenye uongo, anakatazwa.

Jichunguze wewe mwenyewe. Mtoto akisema "mimi sikuli ugali", unamjibu nini? Unamwambia ugali utaliwa, akitaka asitake. Husemi "sema sili". Na sikuli nayo ni kazi ya fundi: mtoto amesikia ninakula, nimekula, atakula, akaona ku- haibanduki, akaibeba nayo kwenye kukanusha. Hajui kwamba kitenzi chenye silabi moja huazima ku- pale tu kinapoihitaji kusimamia mkazo, na hakuna atakayemweleza, kwa sababu wengi wetu hatujui kama tunajua.

Sisi kweli tunafundisha. Tunafundisha kwa neno moja: sema. "Sema shikamoo, babu." "Umesema asante?" "Sema hodi kwanza." Mtoto anashikwa bega, anaelekezwa uso kwa mgeni, anatamkiwa neno, analirudia. Lakini angalia kinachofundishwa: ni adabu, ni nafasi ya mtu mbele ya mtu. Ngeli, nyakati, viambishi vya mtendwa, vyote hivyo tunamwachia mtoto avitafute mwenyewe, naye anavipata.

Kwa hiyo Chomsky alishinda? Kwa muda mrefu ilionekana hivyo, na katika jambo moja nadhani alishinda moja kwa moja: mtoto si kibuyu kinachojazwa. Taabu yangu na nadharia yake ipo kwingine. Nadharia iliyodai kuwa ya wanadamu wote ilikuwa imelelewa kwa mifano ya Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake kinavaa nguo chache sana. Evan Kidd na Rowena Garcia walipohesabu, mwaka 2022, lugha zilizowahi kuchunguzwa katika majarida manne makuu ya lugha ya watoto, walipata takriban asilimia 1.5 tu ya lugha za dunia, na Kiingereza kimeketi katikati ya sahani. Ukitaka kujua mtoto anaweza nini, na umemtazama zaidi mtoto mmoja wa aina moja, utachanganya uwezo wa mtoto na tabia ya lugha yake.

Tazama neno la kawaida kabisa: nimekuletea. Nani, wakati gani, kwa ajili ya nani, kitendo gani, vyote ndani ya neno moja. Badilisha ni- kwa a-, tu-, wa-, u-, m-. Badilisha -me- kwa -li-, -ta-, -na-, -ki-, -nge-. Badilisha -ku- kwa -ni-, -m-, -wa-, -tu-. Kisha geuza mzizi uwe letwa, letewa, leteana. Maumbo ni mengi mno kwa mtoto kuyasikia yote na kuyaweka akilini moja moja kama shanga kwenye uzi. Lazima ayachambue. Na anaanza mapema. Kamil Ud Deen alifuatilia watoto wanne jijini Nairobi waliokuwa wakijifunza Kiswahili, na kitabu chake kikatoka mwaka 2005. Watoto wale walikuwa wakiangusha kiambishi cha mtenda, na mara nyingine cha wakati pia. Lakini kiambishi cha mtendwa, kile cha ndani kabisa, kinachohitajika pale unapomtaja mtu au kitu maalumu, walikiweka mahali pake kwa uaminifu mkubwa. Kama mtoto angekuwa anatupa tu vilivyo vigumu, angeanza na hicho. Kipo katikati ya neno, ni kifupi, na kutumika kwake kunategemea kama kinachosemwa kinajulikana au la. Hakukitupa.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Watoto wa Kiingereza huchelewa kuimudu kauli ya kutendwa, ile ya "amepigwa na", na wapo wanaoendelea kutatizika nayo hadi miaka mitano au sita. Mwaka 1987 Hagit Borer na Kenneth Wexler walitoa maelezo ya kibiolojia: sehemu ya sarufi inayohitajika kuijenga kauli hiyo huwa bado haijakomaa katika ubongo wa mtoto. Iko njiani, kama meno ya ukubwani yalivyo ndani ya fizi yakisubiri wakati wake. Hakuna cha kuharakisha. Ni umri tu.

Miaka miwili baadaye Katherine Demuth aliwajibu kutoka Lesotho. Alikuwa amewarekodi watoto wa Kisotho wakiongea na ndugu na bibi zao mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika rekodi zake watoto wasiotimiza miaka mitatu walikuwa wakitumia kauli ya kutendwa bila shida. Ubongo wa mtoto wa Lesotho hauwezi kuwa umekomaa miaka miwili kabla ya ubongo wa mtoto wa Boston. Kama kuna tofauti, iko katika kinachoingia masikioni. Demuth akaeleza sababu iliyo ndani ya Kisotho: lugha hiyo hairuhusu kuuliza "nani kakupiga?" kwa kumweka nani mahali pa mtenda. Lazima uzungushe, uulize kwa namna yetu ya "umepigwa na nani?" Kila swali la "nani kafanya" linamletea mtoto kauli ya kutendwa.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kuona tatizo. Sisi tunaruhusiwa vyote viwili. "Nani kakupiga?" ni Kiswahili safi, na "umepigwa na nani?" ni Kiswahili safi. Kama sababu ya Demuth ndiyo pekee, mtoto wa Kiswahili angechelewa kama wa Kiingereza. Hakuchelewa. Katie Alcock na wenzake walichunguza watoto wa Kiswahili na wa Kigiriama nchini Kenya, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yanaonyesha kauli ya kutendwa ikitumika kwa ustadi tangu miaka miwili na mwezi mmoja, hata kwa vitenzi visivyo vya kupiga wala kuvunja. Walipotafuta sababu, zile za kisarufi zilizotolewa kwa lugha nyingine hazikutosha kwa lugha hizi mbili. Iliyobaki kuwa na nguvu zaidi ilikuwa rahisi: watoto hawa wanaisikia kauli hiyo mara nyingi sana.

Nilipoisoma niliweka karatasi chini nikakaa barazani kusikiliza. Umeumwa na mbu? Kikombe kimevunjwa na nani? Umeambiwa nini wewe? Umeitwa na bibi yako. Umetumwa chumvi, umerudi na sukari. Kesho unanyolewa. Shangazi anaolewa Jumamosi. Utachapwa. Jirani kaibiwa kuku. Hata maradhi yetu yamevaa vazi hilo: mtoto naumwa tumbo, mtu mzima naumwa kichwa, na hakuna anayejiuliza ni nani anayetuuma. Nusu saa ya mazungumzo ya kawaida ya uani, na kauli ambayo nadharia moja ilisema haiwezekani kabla ya umri fulani ilikuwa imepita masikioni mwa mtoto wa miaka miwili zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu kwa vidole.

Hata kwa Kiingereza mlango huo unafunguka ukigongwa. Patricia Brooks na Michael Tomasello walichapisha mwaka 1999 jaribio ambalo watoto wa Kiingereza wa takriban miaka mitatu walisikilizishwa vitenzi vya kubuni katika kauli ya kutendwa, tena na tena, na wengi wao wakaanza kuitumia. Tomasello alikuja kukusanya hoja yake katika kitabu cha mwaka 2003: mtoto huanza na vipande halisi alivyovisikia, "nataka hiki", "nipe hiki", "umepigwa na nani", kisha taratibu anaona mshono unaoviunganisha na kuanza kushona vya kwake.

Msimamo wangu uko karibu na huu. Lakini nakataa kuupeleka mpaka mwisho wa njia, kwa sababu ya yale majino. Kusikia mara nyingi kunaeleza kwa nini nimepigwa inakuja mapema. Hakuwezi kueleza neno ambalo halikusikika hata mara moja. Mtoto anachukua kwa sikio, lakini anajenga kwa mkono wake, na mkono huo amezaliwa nao. Kama amezaliwa pia na ramani ya nyumba, kama Chomsky alivyofundisha, hapo ndipo mimi nabaki nyuma. Naona vyombo vya ufundi. Ramani sijaiona.

Na vyombo hivyo ni vya ajabu. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wachanga wa miezi minane mlolongo wa silabi usio na pumziko, kwa dakika mbili tu. Ndani yake yalifichwa maneno ya kubuni, bidaku, padoti, golabu, tupiro. (Yasome kwa sauti: ungedhani ni vijiji vya bara.) Hakukuwa na kituo wala mkazo wa kuonyesha neno linaanzia wapi, kilichokuwepo ni kwamba baada ya bi daima inakuja da, na baada ya ku linaweza kuanza neno lolote kati ya yale mengine. Baada ya dakika mbili watoto waliweza kutofautisha maneno yale na vipande vilivyokatwa katikati ya maneno mawili. Mtoto ambaye bado hajatembea anapiga takwimu. Wa kwetu ana bahati zaidi, maana Kiswahili kinagonga silabi ya pili kutoka mwisho, neno baada ya neno, kama mpiga ngoma asiyechoka. Ndiyo sababu neno la mtoto wa Kiswahili linapofupishwa, mara nyingi hubaki mkia: ziwa kwa maziwa, maki kwa samaki, jiko kwa kijiko. Anashika pale panapogongwa, na kinachoanguka ni mwanzo wa neno.

Kama kinachosikika kina uzito wote huo, swali linalofuata ni: kisikike kutoka kwa nani? Hapa kuna jaribio ninalotamani kila mzazi mwenye simu angelijua. Patricia Kuhl na wenzake, mwaka 2003, waliwachukua watoto wa Marekani wa miezi tisa waliokuwa wakisikia Kiingereza tu nyumbani, wakawapa vikao kumi na viwili vya Kichina cha Mandarin. Kundi moja lilikaa na mtu aliyewasomea na kucheza nao kwa Kichina. Watoto wengine walipewa sauti zilezile kwa video, au kwa kusikiliza tu. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama video hawakupata kitu, ingawa maneno yalikuwa yaleyale na wasemaji walewale. Mtoto mchanga anataka macho yanayomtazama, kidole kinachoelekea kitu, mtu anayesubiri zamu yake.

Na bado nisije nikaeleweka kwamba naagiza kila mama akae uso kwa uso na mwanawe na kitabu cha picha kutwa nzima. Huo nao ni utamaduni wa mahali fulani uliogeuzwa kuwa sheria ya wote. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walitangaza, kwa kufuatilia familia 42 za Kansas, kwamba hadi mtoto anatimiza miaka minne pengo la maneno aliyoyasikia yule wa familia maskini na yule wa familia ya wasomi linafikia milioni thelathini. Takwimu hiyo imezunguka dunia, na imetumika kuwaambia akina mama maskini kwamba wanawanyima watoto wao akili. Ilihesabu hasa maneno ya mlezi kwa mtoto. Katika kijiji cha Watseltal huko Mexico, Marisa Casillas na wenzake walipima maneno yanayoelekezwa moja kwa moja kwa mtoto mdogo, wakapata wastani wa chini ya dakika nne kwa saa. Hata hivyo watoto wale walifikia hatua zao za kwanza za kusema kwa umri ulio sawa na wa wengine. Kabla yao, Elinor Ochs alikuwa ameeleza kutoka Samoa, na Bambi Schieffelin kutoka kwa Wakaluli wa Papua New Guinea, juu ya jamii ambazo watu wazima hawarahisishi maneno kwa ajili ya mtoto, na watoto wanakua wasemaji kamili.

Mtoto wa uani kwetu hasemeshwi na mtu mmoja kutwa. Anasikia dada anayemgombeza, kaka wa miaka mitano anayemwamrisha, bibi anayemwita mume wake, muuza mboga anayepigiwa kelele za bei. Yumo ndani ya maneno yanayohusu vitu anavyoviona na watu anaowajua. Mkeka ule wa maneno una kazi yake, na sikubali kwamba hesabu ya Kansas iliuona.

Kwa hiyo linaniuma ninaloliona Dar es Salaam na Nairobi. Mzazi anayeota, anayecheka na kugombana kwa Kiswahili, akimgeukia mtoto wake wa miaka miwili anabadili lugha. Anasema Kiingereza cha maagizo: njoo, kaa, kula, acha, hapana. Dada wa kazi anakatazwa kumsemesha mtoto Kiswahili, au anaambiwa bora anyamaze. Bibi akija kutoka kijijini anaonwa kama mtu wa kuharibu. Kinachobaki kujaza siku ni katuni za Kiingereza kwenye simu. Nia ya mzazi ni njema na woga wake una msingi, kwa kuwa ameona milango ya ajira ikifungwa mbele ya watu wasiojua Kiingereza. Lakini tazama alichokifanya kwa mujibu wa ushahidi wote nilioutaja. Amepunguza wasemaji wanaoishi na mtoto. Amempa lugha iliyopungua, isiyo na kejeli, hadithi, uongo mtamu, kubembeleza, wala "umeambiwa nini wewe". Kisha amejaza pengo kwa kioo, kile ambacho watoto wa Kuhl hawakupata kitu kutoka kwake.

Sina ugomvi na lugha mbili. Watoto wa Pwani wamekuwa wakipata Kigiriama kwa bibi na Kiswahili kwa majirani tangu zamani, na mtoto wa Mwanza anapata Kisukuma na Kiswahili uani bila mtu kumuandalia ratiba. Kichwa cha mtoto kina nafasi. Kama mzazi Kiingereza ndiyo lugha anayoishi nayo, amsemeshe mwanawe Kiingereza kwa roho yote. Ninachopinga ni kumpa mtoto lugha ambayo wewe mwenyewe unaipitia kwa kunyata, na kumfungia ile unayoikimbilia. Sarufi aliyoijenga kwa Kiswahili haimpotei akienda shule ya Kiingereza. Ni mazoezi ya ule mkono wa kujenga, na mkono ni mmoja.

Na kuna mtoto ambaye hatari hii kwake ni kubwa kuliko kwa wote, naye hatajwi katika mabishano ya Kiswahili na Kiingereza: mtoto kiziwi anayezaliwa katika nyumba ya wanaosikia. Uani kwake kumejaa maneno na hakuna linalomfikia. Tunajua kutoka Nicaragua watoto kama hawa wanaweza nini wakipewa wenzao. Shule zilipofunguliwa kwa ajili yao jijini Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuja na ishara za nyumbani, kila mmoja zake, na ndani ya miaka michache wakaziunganisha. Kisha wadogo waliowafuata wakazifanya lugha yenye sarufi kamili, iliyo tajiri kuliko waliyoikuta. Waliokuja wakiwa wadogo ndio waliojenga zaidi. Mtoto kiziwi anayefikishwa penye lugha ya alama akiwa na miaka tisa au kumi amepitwa na miaka ambayo mkono ulikuwa mwepesi kuliko wakati wowote. Hili halisubiri nadharia kumaliza kubishana.

Limebaki fumbo moja, na nalitaja kwa sababu ndilo linalonipendeza kuliko yote. Kama hatukumsahihisha, mpwa wangu aliacha vipi kusema majino? Kanuni yake ilikuwa nzuri, ilimfaa kwa majina na majibu na majembe, hakuna aliyemwambia imekosea. Jibu ninaloliona na nguvu linarudi kwenye sikio: kila siku meno yalipita mara kumi, mara ishirini, mahali palepale ambapo yeye angesema majino, mpaka neno lililosikika likalizidi uzito neno lililojengwa. Kama ndivyo, mtoto anayesikia Kiswahili kidogo atakaa na majino kwa muda mrefu zaidi, na maneno adimu yatachelewa kunyooka kuliko ya kila siku: macho yatatangulia, meko huenda yasifike kabisa. Hilo linapimika. Linahitaji mtu mwenye subira, daftari, na nyumba chache zenye watoto wa miaka miwili hadi mitano, Tanga, Kilifi, Bujumbura au Lubumbashi, kila mahali na Kiswahili chake.

Kwetu hakuna aliyeshika daftari. Mama yake anasema ilikuwa kabla ya mfungo, bibi yake anasema ni baada. Asubuhi moja alitoka bafuni na povu mdomoni akasema amemaliza kusugua meno, akapita akaenda kutafuta viatu, na sisi tuliendelea na chai.